Jina Lililongoja Mabunge Mawili

Mtoto wangu wa kwanza alianza kukaa mwenyewe, akaota meno mawili ya chini, akajifunza kunivuta nywele na kucheka, na yote hayo aliyafanya bila jina. Si kwamba jina lilikosekana. Nyumba nzima ililijua. Lilikuwa jina la marehemu baba mkwe, limekaa pale linamngoja kama shati lililokwisha kupigwa pasi. Ila hakuna aliyeruhusiwa kulitamka, kwa sababu Bunge la nchi lilikuwa bado halijatangaza vita.

Najua unavyosikia. Mimi pia nilisikia hivyo siku ya kwanza, nikacheka. Nikacheka mpaka nikaona nacheka peke yangu.

Bwana yangu ni askari. Watu wake ni wavuvi wa hapa Kisangani, wa pale kwenye maporomoko, wanaotega vikapu vikubwa kuliko mlango wa nyumba, na yeye ndiye wa kwanza kwao kuvaa buti. Watu wangu walitoka Maniema. Kwetu mtoto anapata jina hata kitovu hakijaanguka: mama anasema, baba anaitikia, watu wanakula, mambo imekwisha. Kwa familia hii sivyo. Mtoto mwanaume wa kwanza anashushwa mtoni na baba yake mwenyewe, mchana kweupe. Baba anamwosha miguu kwenye maji yanayokimbia, ndipo anamwita jina kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya kushindana na maporomoko. Kabla ya hapo mtoto anaitwa "huyu". Baba akiwa safarini, mnamngoja, hata akikawia namna gani. Njia ya kukata kungoja ni moja tu: baba akiwa vitani. Mtu wa vita, wanasema wao, nusu yake imekwisha kuondoka, kwa hiyo mkubwa wa familia anashuka mtoni kwa niaba yake, ili jina lisianguke chini.

Mkubwa wa familia, tangu baba mkwe alipokufa, ni mdogo wake, ambaye wote tunamwita Tonton. Tonton alifundisha elimu ya uraia sekondari mpaka wakampa pensheni, na tangu hapo anaendelea kutufundisha sisi. Anayo Katiba ya nchi, kitabu kidogo amekifunga na nailoni kwa ajili ya mvua, na anayo redio ambayo anaibeba kwapani hata akienda kuoga.

Bwana yangu aliondoka nikiwa na tumbo kubwa. Walipandishwa ndege kwenda mashariki. Aliniambia, "Usilie, iko operesheni ndogo, tunarudi sasa hivi." Redio nayo ikasema hivyohivyo: operesheni yenye mipaka. Nikaacha chumba tulichokuwa tunapanga upande wa Tshopo, nikahamia kwa mama mkwe, karibu na maporomoko, nikazaa. "Sasa hivi" ikapita. Mtoto akaanza kukaza shingo. Nikaona basi, inatosha, nikapika samaki, mama mkwe akaita ndugu, tukaketi uani.

"Tonton," nilisema, "baba yake iko ku vita. Tunakuomba umushushe mutoto mu mayi."

"Vita gani?"

"Ile iko anapigana."

"Binti yangu, ile haiko vita. Ile iko operesheni yenye mipaka." Akafungua nailoni polepole, kama mtu anayemenya majani ya kwanga, ule mkate wa muhogo. "Rais ndiye anatangaza vita. Lakini mbele ya kutangaza, mabunge mawili yanamupa ruhusa. Bunge na Seneti. Umesikia mabunge yamepiga kura?"

"Hapana."

"Alors? Bwana yako iko safari."

"Safari na bunduki, Tonton?"

"Kuna watu wanasafiri na gitaa."

Mama mkwe aliweka sahani chini. Yeye si mtu wa maneno mengi, ila siku hiyo alikuwa nayo. "Shemeki, wale wageni, majeshi mawili, walipokuja kupigana humu mujini mwetu, mabomu inaingia mu nyumba za watu, ile nani alitangaza? Tulilala chini ya vitanda. Tulizika watu mu viwanja vya nyumba. Bunge gani lilipiga kura?"

Tonton alifikiri. Ni mtu mwaminifu, hilo sitamnyima. "Ile ilikuwa wageni kwa wageni," akasema. "Sisi hatukuwa mu vita."

"Tulikuwa mu nini?"

"Tulikuwa uwanja."

Wakati ule mimi nilikuwa tumboni mwa mama yangu, chini ya kitanda kimoja cha hapa mjini. Nilitaka kusema hilo, lakini watu walikuwa wameshaanza kula samaki wangu. Mashauri yakaishia hapo: mtoto angengoja.

Sasa, kungoja jina si kungoja gari. Kwenye kituo cha afya, siku ya kupima watoto uzito, muuguzi anaita majina, mama wanasimama mmoja mmoja na watoto wao. Akifika kwangu anaita, "Huyu!" Watoto wengine wote pia ni huyu, kwa hiyo kila mara wanasimama mama watatu. Na kwa kuwa kwetu mwanamke akizaa anaitwa kwa jina la mtoto, mimi nikawa Mama Huyu. Sokoni wauza sombe, yale majani ya muhogo, walilifurahia sana.

"Mama Huyu, na bwana yako anaitwa Papa Yule?"

"Mama Huyu, ukizaa wa pili tutamuita Kile?"

Nilijibu wengine, wengine niliwatukana. Jioni nikawa nakaa karibu na Tonton kusikiliza redio, mimi ambaye zamani nilikuwa naizima. Ninachowaambia sasa ni aibu, lakini ni kweli: kila habari ilipoanza, nilikuwa natamani vita. Katika mji huu ambao kila nyumba ina mtu wake aliyekufa kwa risasi, mimi nilikuwa nasali Bunge liseme neno hilo. Mama mmoja wa kikundi cha maombi akaniuliza niweke ombi gani mbele ya dada zangu katika Kristo. Nikamwambia. Akaninyunyizia maji ya baraka.

Na sikuwa naomba vita mpya, mnisikie vizuri. Ile iliyopo ilinitosha. Nilikuwa naomba iitwe.

Kisha tukasikia kwamba mbunge wetu amerudi, Bunge limeenda likizo. Anapokuja, anapokea watu uani kwake, viti vya plastiki, ngoma, wanawake wamevaa vitenge vyenye sura yake, sura nyingine imekaa kifuani, nyingine makalioni. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Mbele yangu baba mmoja aliomba barabara. Mama mwingine aliomba mabati ya shule. Zamu yangu ikafika.

"Mama, na wewe unaomba nini?"

"Vita, Honorable."

Ngoma ilinyamaza, na sikuwa nimeiomba inyamaze.

"Vita na nani, mama?"

"Mimi sijui na nani. Ile ambayo bwana yangu anapigana. Muitangaze tu."

Nikamweleza habari yote, mto, miguu, Tonton. Kusema haki, alisikiliza. Hakuwa mjinga. Aliniambia operesheni ndogo haihitaji ruhusa ya Bunge, na kwamba kuna sababu. "Mama, nyumba yako ikishika moto asubuhi, utaita mukutano ya familia mbele ya kuchota mayi?"

"Hapana, nitachota."

"Bon! Umeona?"

"Lakini, Honorable, moto ukiwaka mpaka mutoto anaota meno, na ninatuma watoto wa watu waingie ndani kuuzima, hapo nitaita mukutano. Nitasimama mbele ya mama zao niseme, mimi ndiye nimewatuma."

Watu nyuma yangu wakapiga makofi. Alijifuta jasho. Akaniambia tena kwamba neno vita ni zito, kwamba likishatamkwa, mipaka inafungwa, mikataba inakufa, nchi zingine zinauliza ni nani aliyeanza, na aliyekuwa anataka kuzungumza anaogopa kuzungumza. Ndiyo maana wakubwa wanatumia neno dogo. Sikuwa nimefikiri hivyo kabla, na mpaka leo naona kuna ukweli ndani yake. Lakini ukweli ule ulikuwa umevaa saa nzuri na umekaa kivulini.

"Ndogo ni kiasi gani?" nikauliza. "Inaanza kuwa kubwa wapi?"

"Inategemea. Muda, eneo, idadi ya askari…"

"Kwa sababu bwana yangu alienda muzima wote, Honorable. Hawakumuchukua mukono tu, wakaniachia sehemu zingine. Operesheni ndiyo iko na mipaka. Yeye alienda bila mipaka."

Hapo Honorable alimtazama mtoto mgongoni mwangu, na nikaona uso wake unapata mwanga, kama mtu aliyeona mlango wa nyuma.

"Mama, mbona tunajisumbua? Mupe jina langu mimi!"

Ngoma zikalipuka. Wanawake wa vitenge wakanizunguka wanacheza, wakanivika kofia yenye sura hiyohiyo, wakaniwekea mikononi sabuni na mfuko wa chumvi, na mtu mmoja akampiga mtoto picha. Nilitoka pale na hasira hata sikuona ninakanyaga wapi. Kofia nilimpa mbuzi wa jirani. Aliila yote, hata sura.

Halafu homa ikaja. Asubuhi mtoto alikataa kunyonya, saa ya jua kali macho yake yakageuka, mwili ukakaza kama ubao. Tukapanda toleka mbili, mimi na mtoto kwenye baiskeli ya mbele, mama mkwe kwenye ya nyuma anapigia kelele waendeshaji wote wawili. Hospitalini wakamlaza, wakamchoma sindano, wakatundika maji. Na katika familia hii mtoto akianza kwenda, mama anamwita. Anamwita jina sikioni, bila kukoma, ili asikie mahali nyumba iko na ageuke. Mama mkwe alinishika bega.

"Muite!"

"Nimuite nani?"

Alifungua mdomo. Nikaona jina la bwana yake mwenyewe limefika kwenye ulimi wake, na hakulitoa. Sheria yao ni ngumu hivyo. Basi nikainama nikaita nilichokuwa nacho. "Huyu! Huyu! Huyu!" Chumba chote cha wagonjwa kiligeuka. Baba mmoja mwenye bandeji kichwani alidhani nashtaki mtu, akauliza, "Nani? Amefanya nini?" Muuguzi akakimbia kuangalia kama kuna mwizi. Na mimi naendelea, huyu, huyu, machozi na makamasi, naita mwanangu kwa neno ambalo linafaa hata kiti.

Alirudi. Kwa dawa au kwa mwito, alirudi. Akapiga chafya, akatafuta ziwa.

Ila pale kitandani mama mkwe aliniambia jambo ambalo hawakuwa wameniambia. Kwao, mtoto ambaye hajapata jina, akifa hakuna kilio. Wanamzika bila kukaa matanga. Utalilia nini, hujui umepoteza nani. Alisema akiangalia ukuta.

Tulipotoka hospitali, Jumapili, ndugu wamekuja kutuona, simu ikalia. Bwana yangu alikuwa amepanda mlima kutafuta mtandao. Niliweka simu juu ya kinu ili wote wasikie. Alisalimia, akamuulizia mtoto, nikamweleza homa. Tonton akavuta kiti.

"Kijana, niambie. Hiyo mambo muko ndani yake, imetangazwa?"

"Tonton, sijui. Huku hawatuletei magazeti."

"Lakini wakubwa wenu wanasema nini? Wanasema vita?"

"Wamekataza neno hiyo. Tunasema 'hali'. Hali ilikuwa mubaya jana, hali iko muzuri kidogo leo." Akacheka kidogo. Na wakati anacheka, mlio mkubwa ukatoka kwenye simu, simu ikacheza juu ya kinu. Ukafuata wa pili.

Tonton alisogeza mdomo karibu kabisa na simu.

"Iko radi?" aliuliza. "Kunanyesha huko?"

Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani imekatika.

"Ndiyo, Tonton," bwana yangu akasema. "Kunanyesha."

Kisha ikakatika kweli. Tonton akasimama, akawaambia watu wote, mumesikia, ni mvua, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na safari hiyo alisahau redio kwenye kiti. Mama mkwe aliendelea kuchambua sombe. Baadaye akasema, bila kuinua kichwa, "Ni Tonton alimulea bwana yako. Marehemu alikuwa anashinda ku mayi, yeye ndiye alimufundisha hata kutembea. Unataka ashuke mutoni aseme nusu yake imeondoka?"

Nilielewa. Lakini kuelewa hakukuondoa hasira yangu, kuliiongezea watu. Sasa nilikuwa nakasirikia Bunge, Seneti, Honorable, mkubwa wa jeshi aliyekataza neno, na mzee mmoja ambaye siwezi hata kumkasirikia vizuri. Wote wale wanaogopa neno. Na anayelipia woga wao ni mtoto wangu, ambaye angekufa juzi kama paka.

Kesho yake mchana nilimchukua mtoto, nikashuka mtoni. Mimi mwenyewe. Mwanamke hafanyi jambo hilo, nilijua. Wavuvi walikuwa juu ya miti yao iliyosimikwa majini, wanavuta vikapu, wakaniona, mmoja akapiga mluzi. Nilikaa kwenye jiwe, nikashika mguu wa kulia wa mwanangu, nikauingiza kwenye maji yanayokimbia. Akapiga kelele, maji ni baridi. Nikamwita jina. Siliandiki hapa, si lenu, ila nililisema lote.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Wavuvi wana mbio kuliko redio. Nilimkuta Tonton amesimama katikati ya ua, Katiba mkononi, imefunguliwa nailoni.

"Kwa ruhusa ya nani?" alisema. "Nani alikupa mamlaka?"

"Hakuna, Tonton. Haikuhitaji ruhusa."

"Namna gani haikuhitaji?"

"Ilikuwa operesheni yenye mipaka. Mguu mumoja."

Akaangalia kitabu. Akageuza ukurasa mmoja, akaurudisha.

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

"Na jina, ulilitamka?"

"Nililitamka."

"Kwa sauti?"

"Ya mipaka, Tonton. Maporomoko ilikuwa inapiga kelele."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Niliona tumbo lake linatikisika, kisha akaanza kucheka kabisa, ameshika mlango, anacheka na kujipiga mapaja. Tonton hakucheka. Alinikaribia, akamchukua mtoto, akaugeuza mguu wa kushoto, akaupapasa kama mtu anayeangalia ikiwa samaki amekauka. Ulikuwa mkavu. Sikuwa nimeugusisha maji, sijui kwa nini. Labda mkono wangu ulikuwa na heshima kuliko mdomo wangu.

"Huu," akasema Tonton, "ni wa baba yake. Akirudi ku safari."

"Akirudi," nikasema.

"Donc mutoto yuko na jina." Alilisema kama hukumu ya korti. "Lakini mguu huu usiguse mayi inayokimbia mpaka baba yake afike. Nyumba yote imesikia?"

Nyumba yote ilisikia. Na tangu siku hiyo tuna kazi, maana mtoto ameanza kutambaa, na mtoto anayetambaa karibu na mto anataka mto. Tunamwogesha kwenye beseni, maji yaliyokaa. Wavuvi wakimbeba wanamshika huo mguu juu. Bunge limerudi kutoka likizo, limefanya vikao, limeenda likizo tena, na bwana yangu bado yuko huko, katika hali. Akipata mtandao haulizi siku hizi kama mtoto amekula. Anauliza, "Mguu uko?" Namwambia uko, mukavu, njoo.

Juzi mvua kubwa ilinyesha hapa, mvua ya kweli, maji yakaanza kukimbia uani kati ya nyumba na jikoni. Mimi nilikuwa naingiza kuni. Mtoto aliona yale maji, akayafuata kwa magoti, anacheka, na nilipogeuka alikuwa amekwisha kufika ukingoni. Nilisikia mtu analiita jina, jina lote, kwa sauti ambayo nadhani hata ng'ambo kule Lubunga waliisikia. Ilikuwa Tonton, bila viatu, anakimbia kwenye matope na magoti yake mabovu. Mtoto alisimamisha mkono hewani. Akageuza kichwa kuangalia ni nani anayemwita.